Mabaki ya supanova yapo wapi hasa? Ulinganisho wa njia za kupima, kwa anayetazama anga la Dodoma

Kila mwaka, Septemba inapoingia na mawingu yakiwa bado mbali, wanafunzi wa fizikia na wapenzi wa nyota hapa Dodoma huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: wakitaka kupima mahali halisi mabaki ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, yalipo angani, watumie njia gani? Njia zipo kadhaa, nazo hutofautiana kwa gharama, kwa usahihi na kwa kile hasa zinachopima. Wengi huanza kwa kuangalia chombo walichonacho, kisha ndipo wanafikiria wanapima nini, na mimi naona mpangilio huo umegeuzwa, kwa hiyo nitaanza na kile kinachopimwa.

Nyota, hata ikitazamwa kwa darubini kubwa, ni nukta, na mahali pake ni pamoja tu. Mabaki ya supanova ni wingu la gesi lililotawanyika. Nebula ya Kaa, iliyobaki baada ya mlipuko ambao wataalamu wa nyota wa China waliuona tarehe 4 Julai 1054, ina urefu wa dakika 6 za tao na upana wa dakika 4 hivi, ambapo dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya hiyo dakika. Ukimwambia mwanafunzi apime mahali wingu hilo lilipo, ana haki ya kukuuliza kama unataka katikati ya umbo linaloonekana, au pulsa iliyomo ndani yake, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka mara 30 hivi kwa sekunde, au pale mlipuko ulipotokea, ambapo nyuzi za gesi zilianza safari yake. Hizo ni nukta tatu tofauti, na tofauti yake inapimika. Pulsa ya Nebula ya Kaa inasogea kuelekea kaskazini-magharibi kwa kiasi cha miliasekunde (sehemu za elfu za sekunde) 12 hivi za tao kila mwaka, kwa hiyo katika karne karibu kumi zilizopita imekwenda takribani sekunde 12 za tao kutoka ilipozaliwa. Kwenye Cassiopeia A, mabaki yaliyo katika kundinyota la Mke wa Kurusi, Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, ilionyesha nukta ya eksirei katikati ya wingu mara ilipoanza kazi mwaka 1999, na nukta hiyo iko kama sekunde 7 za tao upande wa kusini wa kitovu ambacho vipande vya gesi vinakikimbia.

Kitovu cha mlipuko nacho kina mtego wake. Mwaka 1968 Virginia Trimble alipima mwendo wa nyuzi za gesi za Nebula ya Kaa kwa kulinganisha picha za miaka tofauti, akazirudisha nyuma kihesabu hadi zikakutana. Zilikutana karibu na mwaka 1140, si 1054. Sababu yake ni kwamba nishati ya pulsa imekuwa ikilisukuma wingu kutoka ndani na kuliongezea kasi, na mtu anayedhani kasi haijabadilika hupata tarehe ya karibu zaidi na sisi kuliko ile ya kweli. Natoa mfano huu mapema ili msomaji aone kwamba neno "mahali" hapa halisimami bila kuulizwa ni mahali pa nini na pa mwaka gani.

Baada ya hapo ndipo njia zilinganishwe.

Njia ambayo wengi hudhani ni ya moja kwa moja ni kuielekeza darubini kwenye wingu na kusoma nyuzi zilizoandikwa kwenye stendi yake au zinazoonyeshwa na kompyuta yake ndogo. Faida yake ni kwamba haihitaji kamera, na humfundisha mtu jinsi anga linavyozunguka. Udhaifu wake ni kwamba kila kosa la dunia huingia ndani ya jibu. Dunia huzunguka kiasi cha sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa, hivyo saa ya mkononi iliyopotoka kwa sekunde nne imekwisha kukuharibia dakika nzima ya tao. Kuna wanaochukua muda wa ndani wa mfumo wa GPS bila kuusahihisha, na muda huo umetangulia muda wa kimataifa kwa sekunde 18. Hewa nayo huinua kila kitu. Nebula ya Kaa inapokuwa juu kabisa kwetu, nyuzi 62 hivi upande wa kaskazini, hewa ya hapa kwetu, ambayo ni nyepesi kidogo kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huipandisha kwa karibu nusu dakika ya tao. Cassiopeia A haipandi zaidi ya nyuzi 25 hapa Dodoma, na huko chini kosa la hewa linakaribia dakika mbili.

Kuna kosa jingine kubwa kuliko hayo yote, nalo nililifanya mwenyewe mwaka wa kwanza. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya watoto inayozunguka, na kwa sababu hiyo gridi ya anga, yaani mistari tunayosomea mahali pa kila kitu, husogea sekunde 50 hivi za tao kila mwaka. Orodha nyingi hutoa namba kwa gridi ya mwaka 2000, ilhali stendi ya darubini husoma gridi ya usiku uleule. Robo karne ya mtelezo huo ni dakika 21 za tao, yaani theluthi mbili za upana wa Mwezi. Nilitumia usiku mzima nikiamini stendi imeharibika.

Na lipo la kwetu sisi Waswahili. Daftari la uangalizi likiandikwa "saa 10:36", mwandishi akiwa na maana ya saa kumi na dakika 36 alfajiri, na mwenzake kesho yake akaliingiza kwenye programu jinsi lilivyo, anga lote limezunguka robo duara. Siku hizi nawaagiza waandike muda wa kimataifa peke yake, ambao ni 01:36 kwa saa hiyo, na kila ukurasa wa daftari uwe umeandikwa hivyo juu kabla giza halijaingia. Hata mambo yote yakienda sawa, njia ya nyuzi za stendi itakupa jibu lenye shaka ya dakika moja au mbili za tao, nayo ni sehemu kubwa ya upana wa wingu lenyewe. Inatosha kulipata wingu, kulipima haitoshi.

Njia ya pili ni kupiga picha na kulipima wingu kwa kulinganisha na nyota zinazolizunguka. Hapa Dodoma, ambako viwanja vinapimwa kila siku, sihitaji maneno mengi kuieleza. Mpima ardhi hapimi kona ya kiwanja chako kuanzia katikati ya dunia. Anaanzia kwenye bikoni zilizokwishapimwa, zilizo karibu, na kona mpya huipata kwa umbali mfupi kutoka hapo. Bikoni za angani ni nyota za orodha ya Gaia, chombo kilichorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwezi Desemba 2013, na ambacho toleo lake la tatu la mwaka 2022 lina vitu takribani bilioni 1.8. Kwa nyota ambazo kamera ya kawaida inaziona vizuri, makosa ya orodha hiyo ni sehemu ndogo ya miliasekunde moja ya tao, kwa hiyo kwetu sisi ni kama hayapo.

Uzuri wa njia hii, ninaouthamini kuliko bei yake, ni kwamba makosa yaliyoiangusha njia ya kwanza yanaathiri wingu na nyota za jirani kwa pamoja, karibu kwa kiasi kilekile, kisha yanafutana. Hewa ikiinua wingu, imeinua na bikoni. Saa ikikosewa kwa sekunde nne, picha haijali. Stendi isipoelekezwa sawasawa kwenye ncha ya anga, picha itazunguka kidogo tu, na programu itaupata mzunguko huo. Astrometry.net, kwa mfano, hupokea picha yoyote ya nyota bila malipo na kurudisha majibu ya sehemu ya anga iliyomo pichani, ukubwa wa kila pikseli na upande wa kaskazini.

Tuchukue hesabu ya chombo kinachopatikana: darubini ya kioo cha milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1,000, na kamera yenye pikseli za mikromita 3.76. Kila pikseli hapo hubeba sekunde 0.78 za tao, na Nebula ya Kaa inatanda pikseli 460 hivi kwa urefu wake. Hewa ya usiku itazifanya nyota zivimbe hadi sekunde 2 au 3 za tao, lakini kitovu cha nyota iliyovimba bado kinapatikana kwa sehemu ya kumi ya pikseli ikiwa mwanga wake unatosha. Kwa kuunganisha picha 60 za sekunde 30 kila moja, pulsa yenyewe, ambayo mng'ao wake ni wa daraja la 16.5 (namba ikiwa kubwa, mng'ao ni hafifu), hujitokeza.

Alfajiri moja ya Oktoba, nje ya mji upande wa Hombolo, tulikuwa watatu tumeinamia kompyuta iliyofunikwa kanga ili mwanga wake usitutie upofu. Picha ilipokwisha kuunganishwa, katikati ya wingu zilionekana nyota mbili zilizokaribiana, pikseli sita au saba tu kati yake, zinazofanana kwa mng'ao kiasi cha kumchanganya mtu yeyote. "Mwalimu, pulsa ni ipi?" akaniuliza binti aliyeshika kipanya. Nikamjibu kwamba ni ile ya kusini-magharibi. Akabofya ya chini kushoto, kama ramani za darasani zilivyomzoesha kwamba kusini ni chini na magharibi ni kushoto, kisha akasita, akauliza tena. Swali lake lilikuwa la haki. Angani, tukitazama kutoka ndani, kaskazini ikiwa juu basi mashariki ni kushoto. Na darubini ya aina ile huipindua picha, hivyo hata juu haikuwa kaskazini. Tulingoja programu ichore mishale ya pande za dunia ndipo tukabofya. Kosa la kuchagua nyota jirani ni la sekunde 5 za tao, kubwa mara nyingi kuliko shaka ya kipimo chenyewe, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuligundua.

Kwa pulsa, basi, njia ya picha hutoa jibu zuri. Kwa katikati ya wingu, picha ileile hutoa jibu lenye mashaka zaidi, wala kosa si la kamera. Ukichora mstari unaounganisha sehemu zenye mng'ao sawa na kutafuta kitovu chake, kisha ukachora mwingine kwa mng'ao hafifu zaidi, vitovu viwili havitaangukia mahali pamoja, kwa kuwa wingu si duara. Ukibadilisha kichujio, ukapokea mwanga mwekundu wa hidrojeni peke yake, utaona nyuzi za nje. Ukipokea mwanga wa samawati, utaona zaidi ule utando laini unaowashwa na pulsa. Mtu anayeripoti kitovu cha umbo bila kutaja kichujio na kiwango cha mng'ao ameripoti nusu ya kipimo.

Njia ya redio ndiyo yenye historia nzito kuliko zote katika jambo hili, na pia ndiyo inayowadanganya wengi wanaotaka kuanza. Miaka ya 1940 vyanzo vya mawimbi ya redio angani vilijulikana lakini hakuna aliyejua ni vitu gani, kwa sababu mahali pavyo hapakujulikana vizuri. John Bolton, Gordon Stanley na Bruce Slee walitumia antena juu ya jabali la Dover Heights huko Sydney, bahari ikiwa kioo cha pili, na mwaka 1949 wakatangaza kwamba chanzo cha redio kilichoitwa Taurus A kiliangukia pale ilipo Nebula ya Kaa. Miaka miwili baadaye, Graham Smith wa Cambridge alipima Cassiopeia A kwa shaka ya karibu dakika moja ya tao, na kipimo hicho ndicho kilichowawezesha Walter Baade na Rudolph Minkowski kuielekeza darubini ya mita 5 ya Palomar mahali penye vipande hafifu vya gesi ambavyo vinginevyo visingegunduliwa. Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi kwa nini tunahangaika na sekunde za tao, humweleza habari hiyo.

Lakini dishi moja la mita 3, lile la zamani la televisheni ambalo bado limesimama nyuma ya nyumba nyingi, likisikiliza wimbi la sentimita 21, linaona duara la nyuzi 5 hivi kwa mpigo mmoja, sawa na Miezi kumi iliyopangwa kwa safu. Madishi mawili yaliyoachana mita 100 na kuunganishwa barabara hushuka hadi dakika 7 za tao. Ili kufikia miliasekunde unahitaji madishi yaliyotengana kwa maelfu ya kilomita, kama lile la Hartebeesthoek la Afrika Kusini linaposhirikiana na wenzake wa mabara mengine, na mtandao wa aina hiyo ndio unaoshikilia gridi rasmi ya anga inayotumika tangu Januari 2019, yenye vyanzo 4,536. Na hata huko kuna bei ya kulipa: madishi yakitengana sana hayalioni tena wingu lililotanda, yanaona nukta tu. Yatakupa pulsa kwa usahihi wa ajabu na kukunyima mabaki yenyewe. Kwa mtu binafsi wa Dodoma, redio ni mradi mzuri wa kujifunza umeme na mawimbi, na siushauri kwa lengo la kupima mahali.

Njia ya kungoja Mwezi upite mbele ya wingu nitaieleza kwa ufupi. Mwezi husogea nusu sekunde ya tao hivi kwa kila sekunde ya saa, ukingo wake unajulikana vizuri, kwa hiyo muda wa kuzimika humwambia mtu mahali chanzo kilipo. Herbert Friedman na wenzake waliitumia kwa roketi tarehe 7 Julai 1964, wakaona eksirei za Nebula ya Kaa zikipungua polepole badala ya kukatika ghafla, wakajua zinatoka kwenye wingu. Nafasi hiyo huja misimu miwili hivi ndani ya kila mzunguko wa miaka 18.6, na mwanga wa Mwezi hulifunika wingu kwenye picha za kawaida. Si njia ya kupangia mradi wa muhula.

Inabaki njia ambayo watu huidharau bila sababu, ya kutumia picha zilizokwisha kupigwa na wengine. Programu ya Aladin, inayotunzwa Strasbourg nchini Ufaransa, hufungua bure picha za anga lote pamoja na nyota za Gaia juu yake, na hazina ya picha za Hubble, darubini iliyo angani, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Shule isiyo na darubini inaweza kupima mwendo wa nyuzi za Nebula ya Kaa kwa picha za miaka tofauti, kazi ambayo darubini yetu ya milimita 200 haiwezi kuifanya vizuri hata kwa misimu mitano. Kinachokosekana ni ule ujuzi wa kujua kosa linaingilia wapi, ambao mtu huupata akiwa ameshika chombo mwenyewe kwenye vumbi na upepo.

Msimu nao huchagua kwa niaba yako. Nebula ya Kaa hufika juu kabisa usiku wa manane katikati ya Desemba, wakati mvua za Dodoma zimeshaanza, na anga safi halina uhakika hadi Aprili. Kwa hiyo hapa kwetu wakati wake ni Septemba na Oktoba kabla ya mapambazuko. Tarehe 15 Oktoba hufika juu saa kumi na dakika 36 hivi alfajiri, nusu saa kabla mwanga wa jua haujaanza kupaka upande wa mashariki. Ajabu nzuri ni kwamba mabaki ya supanova ya 1987, yaliyo kwenye Wingu Kubwa la Magellan, hufika juu karibu wakati uleule, yakiwa upande wa pili, nyuzi 27 juu ya upeo wa kusini. Ni ya kuvutia kuyapigia picha, lakini pete yake ina upana wa chini ya sekunde 2 za tao na nyota mbili zimeibana, hivyo darubini ndogo haiwezi kuitenganisha, na kupima mahali pake hapo ni kupima mchanganyiko. Mwezi Agosti, anga likiwa kavu kabisa, yapo mabaki ya kundinyota la Dajaja (Cygnus), yenye upana wa nyuzi 3. Hayo yanafaa kupima uzi mmoja wa gesi karibu na nyota 52 Cygni, si kitovu. Popote utakapokwenda, uache mji nyuma yako na uwe kaskazini mwa taa za Mtumba, ikiwa unatazama alfajiri upande wa kaskazini.

Ushauri wangu, basi, kwa mwenye darubini na kamera ni picha na nyota za Gaia, lengo likiwa pulsa ya Nebula ya Kaa, kwa kuwa ni nukta na jibu lake linaweza kukaguliwa. Kwa mwenye kompyuta tu, ni picha za hazina na kitovu cha kutanuka. Kwa mwenye darubini bila kamera, ni nyuzi za stendi, kwa sharti kwamba aandike shaka ya dakika mbili za tao na asione haya.

Jibu liandikwe likiwa na gridi iliyotumika, tarehe ya picha, kichujio, nukta iliyopimwa na ukubwa wa shaka. Kwa gridi ya kimataifa na kwa mwaka 2000, pulsa ipo kwenye longitudo ya angani ya saa 5, dakika 34 na sekunde 31.95, na latitudo ya angani ya nyuzi 22, dakika 0 na sekunde 52.2 kaskazini. Picha ya miaka hii ya sasa, ikiwa imepimwa vizuri, haitaangukia hapohapo. Itakuwa imesogea karibu theluthi moja ya sekunde ya tao kuelekea kaskazini-magharibi. Ukipata tofauti hiyo na upande huo, usiisahihishe, maana huo ndio mwendo wa pulsa.